Faida ya Waliotukimbia

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa karakana yetu, mimi na wenzangu tumesimama kama watu waliofiwa mara ya pili, tukimtazama fundi wetu wa kukata vitambaa akivuka barabara na mkasi wake kwapani. Alikuwa anakwenda kufanya kazi kwa Jirani, mpinzani wetu.

Kwa aliyekosa gazeti, tunashona mapazia. Karakana aliianzisha marehemu mke wangu. Alipofariki ikabaki mikononi mwa mdogo wake wa kike, ambaye mimi humwita Shemeji na yeye huniita hivyo hivyo. Kazi yangu ni kwenda majumbani kupima madirisha. Siku ya maziko wafanyakazi wote waliapa kwamba, kwa heshima ya Mama, kama walivyomwita mke wangu, hakuna atakayeondoka. Walilia, nikalia, tukakumbatiana.

Kiapo kile ndicho kilichokuwa kinatumaliza.

Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba wateja wanapungua, na Shemeji alikwisha kusema wazi kuwa mambo yasipobadilika kabla mkataba wa chumba haujaisha, atarudisha funguo kwa mwenye nyumba. Wengine wangepoteza kazi. Mimi ningepoteza mahali pekee ambapo mke wangu bado yupo. Cherehani yake iko palepale dirishani, imefunikwa kitambaa cha buluu, na kiti changu kiko kando yake. Nyumbani kuna kitanda tu. Pale kuna yeye.

Kwa hiyo yule mzee tuliyemwita Mkasi alipovuka barabara, nilijua tumekwisha.

Asubuhi iliyofuata Shemeji alisimama mbele ya meza ya kukatia, mikono kiunoni.

"Haya. Nani atakata?"

Watu wakatazama chini. Mkasi hakuwa anamruhusu mtu kugusa mkasi wake, wala meza yake, wala chaki yake. Kipande cha chaki kikianguka, alikiokota mwenyewe.

"Mimi naweza," ikasema sauti ya nyuma.

Alikuwa Kidoti. Tunamwita hivyo kwa ajili ya alama nyeusi iliyo kidevuni mwake. Tangu aajiriwe alikuwa anashona pindo, na sote tulidhani atazeeka akishona pindo.

"Umejifunza wapi kukata?" Shemeji akauliza.

"Hapa hapa. Kwa kumtazama."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema, halafu? Mzee wa watu angekwenda wapi?"

Shemeji akampa mkasi wa akiba. Kidoti akakitandaza kitambaa, akakizungusha, akakitazama kama mtu anayetafuta njia ya mkato, kisha akaanza. Kufika mchana alikuwa amemaliza mapazia ya nyumba nzima, na kitambaa kilichobaki kilitosha kutengenezea foronya za sebule. Kwa Mkasi kilichobaki kilikuwa kinatosha kupangusia cherehani.

Shemeji akanisogelea.

"Shemeji, hivi jana tulikuwa tunalia nini?"

"Tulimlilia Mkasi."

"Mimi naona tuliharakisha."

Kidoti alipohamia mezani, kazi ya pindo ikabaki bila mtu. Shemeji akaajiri msichana mmoja mrefu aliyekuwa ametoka kiwanda cha mahema. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia pale tangu msiba, na sisi tulikuwa tumesahau hata namna ya kumkaribisha mtu. Tukamwita Mgeni, likamganda.

Siku hiyo hiyo Mgeni akainua pazia juu, akalitazama kwa muda mrefu.

"Dada Kidoti, mbona hili ni refu hivi?"

"Limeongezewa kiganja."

"Kiganja gani?"

"Cha chini. Kila pazia hapa tunaongeza kiganja kimoja."

"Dirisha si limepimwa?"

"Limepimwa."

"Na kitambaa kimekatwa kwa kipimo hicho?"

"Ndiyo."

"Sasa hiki kiganja ni cha nani?"

Cherehani zikapunguza mwendo. Mshonaji mmoja akajibu kwa sauti ya chini, "Ni cha Mama."

"Marehemu alikuwa anafanya hivyo," nikasema kutoka kwenye kiti changu.

Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu kamili. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nimelitumia mara nyingi, na kila nikilitumia mazungumzo yalikwisha.

"Pole sana, Baba," akasema Mgeni. "Lakini alikuwa anaongeza kwa nini?"

Nikamtazama Shemeji, naye ananitazama mimi. Karakana nzima ilikuwa inaongeza kiganja, na hakuna hata mmoja aliyejua sababu.

Kisha nikakumbuka.

Zamani nilikuwa napimia tepu ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani. Siku moja niliisahau kwenye mfuko wa suruali, nayo suruali ikaloweshwa, ikafuliwa, ikakamuliwa na kuanikwa. Tepu ikavutika. Tangu siku hiyo nikipima dirisha napata kipimo kifupi kuliko dirisha lenyewe. Na kwa kuwa karakanani tulikuwa tunakatia alama za misumari zilizo ukingoni mwa meza, ambazo hazikuwa zimevutika, mapazia yakaanza kuning'inia juu ya kizingiti cha dirisha kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mke wangu alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Tepu ya mume wangu imelewa. Mpaka ipate fahamu, ongezeni kiganja."

Baadaye nikapata tepu ya chuma. Yeye akaanza kuugua. Hakuna aliyekumbuka kukiondoa kiganja.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika. Ni ya chuma kabisa. Hata uifue namna gani haivutiki.

Nikawaeleza. Kidoti akauliza, "Kwa hiyo wateja waliokuwa wanalalamika mapazia yanaburuta sakafuni..."

"Walikuwa na haki," Shemeji akamalizia.

"Na sisi tulikuwa tunawaambia huo ndio mtindo wetu."

"Yule mama mwenye nyumba ya ghorofa aliniambia siku hizi hafagii sebule," akasema mwingine. "Nikadhani anatusifu."

Mgeni akasubiri wacheke wamalize. "Basi tukiondoe?"

Nitawaambia ukweli, jambo lile liliniuma. Kiganja ni kitambaa tu, lakini nilihisi kama mtu ananiambia nitoe nguo zake kabatini. Nikasema, "Marehemu hakuwa..." na Shemeji akanikata.

"Dada yangu alikuwa mtu mwenye akili. Angekuwepo leo angekucheka wewe kwanza, halafu sisi. Kidoti, ondoa kiganja."

Kiganja kikaondoka.

Mgeni hakuishia hapo. Kule kwenye mahema alikuwa anagonga pete za bati kwenye maturubai. Akatuuliza kwa nini tunashona marinda mazito juu ya pazia wakati watu siku hizi wanataka pazia la pete linaloteleza kwenye fimbo. Tulikuwa tunajua kwamba wanalitaka. Wateja wetu walikuwa wanakwenda kulinunua kwa Jirani. Sisi tulidhani Jirani ana mtambo wa ajabu.

"Ni nyundo," akasema Mgeni. "Nyundo na kifaa kidogo cha kutobolea. Naweza kuwaonyesha."

Akatuonyesha. Nilitaka kusema kwamba Marehemu hakufanya hivyo, lakini nikamwona Shemeji ananitazama, nikameza.

Mapazia ya pete yakaning'inizwa mlangoni. Wateja wakaanza kusimama. Kule ng'ambo, Mkasi alitoka nje akatutazama, akakuna kichwa, akaingia ndani.

Hapo ndipo shetani aliponikalia begani.

Nilikuwa kwenye kiti changu, nikawaza. Ameondoka mtu mmoja tu, tumepata mkataji aliyekuwa amefichwa kwenye pindo, tumepata mgeni mwenye maswali, tumeondoa kiganja na tumejua siri ya pete. Je, wangeondoka wawili?

Macho yangu yakaenda yenyewe mpaka kwenye meza ya mapokezi.

Mapokezi alikaa mama mmoja mpole, mnene, msafi, tuliyemwita Bi Kesho. Mteja akija kuagiza, aliambiwa njoo kesho. Akija kuchukua pazia lililokwisha kushonwa na kukunjwa, likiwa kwenye rafu nyuma ya kichwa cha Bi Kesho, aliambiwa njoo kesho. Siku moja nilimsikia mwanamume akimwambia, "Mama, mimi ndiye wa jana. Uliniambia kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo." Bi Kesho akamtazama kwa huruma, akasema, "Basi wewe njoo kesho."

Kumfukuza hakuna ambaye angethubutu. Marehemu ndiye aliyemwajiri.

Halafu simu ikalia. Bi Kesho alikuwa ametoka kunawa mikono, nikaipokea mimi. Upande wa pili alikuwa mkandarasi wa majengo. Akaniambia mama huyo ameomba kazi ya mapokezi ofisini kwake, naye anataka kujua tabia yake kutoka kwa watu waliofanya naye kazi.

Nikashtuka. Kumbe Bi Kesho alikuwa anataka kuondoka siku zote, ila kiapo kilimfunga, akawa anatafuta mlango kwa siri.

"Ofisi yangu ni ngumu," akasema mkandarasi. "Watu wanakuja wamefura, kila mmoja anataka nyumba yake iishe leo. Yeye anaweza kuwamudu?"

"Mzee," nikasema, "huyu mama mtu akimjia anataka kitu leo, hatakipata leo. Na hatapigana naye."

"Ana subira?"

"Sijawahi kumwona akiharakisha kitu."

"Hababaiki?"

"Mteja akipiga meza kwa ngumi, yeye humalizia kwanza chai yake."

Mkandarasi akavuta pumzi. "Ndugu yangu, huyo ndiye ninayemtafuta."

Sikumvika mtu kilemba cha ukoka. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilichofanya ni kuzipanga sifa zake bila kusema upande upi ni wa juu.

Siku ya kutuaga Bi Kesho alilia sana. Akasema amevunja kiapo, na hajui Mama huko aliko atamwonaje. Nikasimama, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba Marehemu angembariki. Kisha nikalia kuliko wote. Kidoti akanipa kitambaa cha kujipangusia, akanong'ona, "Jikaze, Baba. Wewe nawe una moyo laini."

Moyo wangu haukuwa laini siku ile. Ulikuwa unaruka kamba.

Baada ya Bi Kesho kuondoka, Shemeji hakuweka mtu mapokezi. Aliisogeza rafu ya mapazia yaliyo tayari karibu na mlango, na yeyote aliyekuwa karibu akawa anamhudumia mteja. Mteja wa kwanza kupewa pazia lake siku ile ile aliyoahidiwa alilishika, akatugeukia kwa mashaka.

"Hili ni langu kweli?"

"Lako."

"Limekwisha?"

"Limekwisha, kaka. Chukua uende."

"Kuna nini hapa siku hizi?" akauliza, akaondoka akigeuka nyuma.

Jioni ile Shemeji alinikuta nakunywa chai kando ya cherehani ya dada yake. Akavuta kiti.

"Nimekuwa nikiwaza," akasema. "Dada aliwaacha wote hawa mikononi mwangu, nikaogopa kumgusa hata mmoja. Nilidhani karakana ni ukuta, kwamba ukitoa tofali moja utaanguka. Kumbe ni chumba tulichokuwa tumefunga madirisha. Mtu anapotoka anafungua mlango, na hewa inaingia nyuma yake."

"Waondoke wote basi?"

"Usinichezee, Shemeji. Kidoti akiondoka leo, mimi nafunga kesho. Nasema tu kwamba kuna mtu anakaa mahali kwa sababu anapapenda, na mwingine anakaa kwa sababu anaona haya kuondoka. Huyo wa pili anajiumiza, na anatuumiza." Akanywa chai yangu bila kuniomba. "Na Bi Kesho alipataje ile kazi haraka vile?"

"Mungu ni mwema."

"Ndiyo. Na simu aliipokea Mungu?"

Nikatazama dari. Dari yetu ina madoa mengi ya kutazama.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Juzi gari la mizigo lilisimama mbele ya mlango. Akashuka Bi Kesho, amependeza, ananukia vizuri. Nyuma yake akashuka mwanamume mfupi mwenye kofia ngumu ya ujenzi, ambaye niliitambua sauti yake kabla sijaitambua sura. Alikuwa mkandarasi.

Bi Kesho akamsalimu kila mtu, akampakata mtoto wa mshonaji mmoja, akaulizia afya ya kiti chake cha mapokezi alichokipenda, kisha akaja mpaka mbele yangu.

"Baba, nimekuja kukushukuru mbele za watu."

"Hakuna haja, mama."

"Haja ipo. Bosi wangu ameniambia kila ulichomwambia kwenye simu. Ulinisifu mpaka nikajiona aibu."

Cherehani zote zikasimama. Shemeji akaweka chini bunda la kitambaa.

"Ulimsifu, Shemeji?"

"Niliulizwa maswali, nikajibu."

"Kumbe ni Baba anayetutoa mmoja mmoja," akasema Kidoti. "Na siku ile alivyolia, nikampa kitambaa changu kizuri."

"Mimi umenisifia wapi?" mwingine akadakia. "Niambie mapema, nifue nguo."

"Wewe huna cha kusifiwa, tulia."

Wakacheka. Hata Shemeji alicheka, ingawa jicho lake moja lilibaki kwangu.

Mkandarasi akavua kofia. "Jamani, huyu mama ameniokoa. Zamani nilikuwa napitia mlango wa nyuma kuwakimbia wateja. Siku hizi wanakuja, wanakaa naye, wanarudi kwao wametulia."

Nikawaza, kumbe kuna ofisi duniani ambayo kazi yake ni kuwaambia watu waje kesho, na sisi tulikuwa tumemfungia mama wa watu mahali pasipomfaa.

"Ndiye aliyeniambia habari zenu," mkandarasi akaendelea. "Nimejenga nyumba kwenye mji mwingine, mtaa mzima, na nyingine zinaendelea. Kila nyumba itauzwa na mapazia yake. Nataka mapazia yote yatoke hapa. Ya pete."

Shemeji akashika ukingo wa meza. Nilimwona. Mtaa mzima, na mwingine nyuma yake. Shemeji angesahau kwamba aliwahi kutaja habari za kurudisha funguo. Nikaitazama cherehani yenye kitambaa cha buluu, nikaiambia kimoyomoyo, umesikia? Tumepona.

"Ila nina sharti moja," akasema mkandarasi.

Shemeji akamwambia aseme.

"Mafundi wangu wa madirisha wanapima ovyo. Fremu haziingii, pazia litaingiaje? Nahitaji mtu wa kupima, akae kule kule kwenye majengo, ahame nyumba hadi nyumba. Bi huyu ameniambia mnaye mtu."

Kila jicho likanigeukia.

"Nimesema yote mazuri, Baba," akasema Bi Kesho kwa upole wake ule ule. "Nimemwambia wewe ukikaa mahali hung'oki. Nimemwambia husumbui watu kwa mazungumzo. Unaweza kukaa kutwa nzima hujasema kitu."

Nikamtazama usoni nione kama ananilipizia. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

"Kwa hiyo ni oda na mtu," mkandarasi akasema. "Vinakwenda pamoja. Bila mtu wa kupima siwezi kuagiza, nitaagiza kwa vipimo gani?"

"Basi haiwezekani," akasema Shemeji, haraka, hata mimi nikashangaa. "Huyu haendi popote. Ni mume wa dada yangu. Hapa ni kwake."

Pumzi ikanirudi. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikasubiri wengine wamuunge mkono. Nilisubiri kidogo. Nikasubiri tena. Mgeni alikuwa anazitazama pete kiganjani mwake. Mtu mmoja akakohoa. Kidoti alikuwa ameinama juu ya meza, anakata kitambaa ambacho kilikwisha kukatwa.

"Kidoti," nikamwita.

"Sijasema kitu, Baba."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Akaweka mkasi chini. "Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Wewe ukitoka kwenda kupima madirisha," akasema, "sisi huwa tunaimba."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mnaimba?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za Mama. Yeye ndiye alikuwa anaanzisha. Ukishafunga tu mlango, anaanza yeye, halafu sisi tunapokea. Alikuwa anasema, mume wangu hapendi kelele, tuimbe kabla hajarudi."

Nyumbani hakuwahi kuimba. Miaka yote ile, hata akiwa jikoni, hata akianika nguo. Nami sikuwahi kumwambia kwamba sipendi kelele. Nilikuwa mtu wa kunyamaza tu, akadhani ninapenda kimya.

"Na sasa?" nikauliza.

"Hata sasa tunaimba. Zile zile zake. Lakini siku hizi hutoki sana, Baba. Unakaa pale kando ya cherehani yake, sisi tunaona kuimba ni kukudharau. Tukitaka kujaribu kitu, tunakuangalia wewe kwanza. Hujatukosea. Ila tukikuona ni kama msiba ni wa leo asubuhi."

"Kidoti, inatosha," akasema Shemeji.

"Ameuliza, Mama mdogo."

Mkandarasi alikuwa anazungusha kofia mkononi, anatamani angekuwa mahali pengine. Akasema atatusubiri nje kwenye gari, tuzungumze kama familia. Bi Kesho akamfuata. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema, "Ila kesho hatutaweza kurudi, Baba. Jibu lipatikane leo."

Shemeji akaja akasimama karibu yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sitakufukuza. Ukisema unabaki, unabaki, na oda tutaiacha iende. Tutahangaika kama tulivyozoea. Sema mwenyewe, Shemeji, nikamwambie nini?"

Nikaitazama cherehani. Nilikuwa nimeilinda ili mke wangu asiondoke pale. Na siku zote hizo, saa alizokuwa pale kweli, kwa sauti yake na nyimbo zake, ni zile saa ambazo mimi nilikuwa nje napima dirisha la mtu mwingine.

"Nipishe nivute hewa," nikasema.

Nikatoka. Nikavuta mlango nyuma yangu. Jua lilikuwa kali, gari linanguruma, Bi Kesho ameketi nyuma ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mkandarasi akainama, akanifungulia mlango wa mbele.

"Mzee, unapanda?"

Nikaweka mkono juu ya mlango wa gari. Mgongoni mwangu cherehani zilikuwa zimenyamaza, zote kwa pamoja. Walikuwa wanasikiliza kama mlango wa gari utafungwa, ndipo waanze kuimba.